Mlango wa Pili wa Chumba cha Kufulia

Mwaka 1998 nilifanya kazi ughaibuni, katika nyumba ya kulelea wazee kule Rockville. Asubuhi niliwaogesha wazee, mchana nilishuka chini kwenye chumba cha kufulia. Kilikuwa na milango miwili, lakini msimamizi alikuwa amefunga mmoja, ule wa kutokea nje, kwa kufuli ili tusitoke kupumzika. Joto la mashine lilitutoa machozi.

Mzee mmoja niliyemwogesha alikuwa amechimba makaa ya mawe tangu ujana. Siku moja aliniuliza mbona macho yangu mekundu. Nilipomweleza, alilipiga beseni teke.

"Mgodi unataka mashimo mawili," alisema, akihema. "Zamani waliwasha tanuri chini ya shimo moja. Hewa ya moto ilipanda ikivuta ile chafu, na hewa safi ikashuka kwa shimo la pili. Mgodi wa baba yangu ulikuwa na shimo moja tu, maana wenye mgodi waliona la pili ni gharama. Siku lilipowaka moto, hakuna aliyetoka."

Mchana ule niligoma kushuka. Niliketi ngazini, juu ya lundo la mashuka machafu.

"Wewe dada, utafanya tufutwe sisi wote!" alininong'oneza mwenzangu kutoka Nakuru. Kisha akajifuta jasho. "Haya, sogea basi." Akaketi kando yangu.

Jioni vitanda vilikosa mashuka, ndipo msimamizi akaja amenuna, akatoa ufunguo mfukoni. Mlango wa pili ulipofunguka, upepo ulipita chumba kizima. Niliuvuta hadi tumboni, na bado hasira haikuniisha, maana ufunguo ule ulikuwa mfukoni mwake siku zote.