Mshale wa Kaskazini

Ismaili wa Bi Adija alianza kupima vitu akiwa darasa la tatu. Alipima msikiti wetu wa Miteja kwa kamba ya katani, akapima ghala la korosho, akapima hata kitanda cha mama yake, mama mwenyewe amelala juu yake. Alipokwenda Dar es Salaam kusomea usanifu wa majengo, barua zake zilikuwa salamu mstari mmoja, yaliyobaki ni lifti, maghorofa na jinsi barabara zinavyopishana bila magari kugongana. Ukuta wa chumba chake, aliandika, umejaa picha za miji alizokata magazetini. Tulimcheka, lakini tulijivunia.

Mwaka 1974, tulipohamishwa kutoka mashambani tukakae kijiji kimoja, Ismaili alikuwa likizo. Kamati ikampa kazi ya kuchora ramani. Alichora nyumba hamsini, mistari imenyooka, kila nyumba na choo chake nyuma, na pembeni mwa karatasi mshale mzuri wa kuonyesha kaskazini. Mimi Hasani, fundi seremala, nikamtengenezea kalibu ya mbao, tukamwaga vibamba hamsini vya zege vya chooni, kila kimoja na nyayo mbili za kukanyagia. Alisimama na dira yake mkononi mpaka kila kibamba kikalala sawasawa na mshale wake.

Niliona kosa siku ile ile. Nikanyamaza. Nilijiambia, mimi wa randa na msumeno nimkosoe mtu wa chuo?

Baada ya mwaka alirudi akakuta vyoo vikavu. Kimoja kuku wanatagia, kingine kimejaa kuni. Akaomba mkutano.

"Nimewachorea kijiji cha kisasa," alisema, "nanyi bado mnakwenda porini. Uchafu mmeuzoea. Nitawaambia nini wenzangu chuoni?"

Mzee Abilahi, mwenyekiti, alitazama viatu vyake. Bi Adija, kule walikokaa wanawake, alivuta kanga akajifunika uso. Na mimi nilikuwepo, naona aibu, na mdomo wangu umefungwa vile vile.

Alasiri nilipeleka kigoda kwa Bi Adija. Nilimkuta uani juu ya msala, anaswali. Ismaili alikuwa ameketi kizingitini, bado amenuna, anamngoja. Mlango wa choo ulikuwa wazi.

Mama alitoa salamu ya kumaliza swala, akabaki amekaa pale pale kwenye msala.

"Mwanangu, huko chuoni kibla mnaiitaje?"

"Kaskazini, mama," alijibu upesi, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali jepesi.

Kisha alitazama msala. Akatazama zile nyayo mbili za zege. Vyote vilielekea upande mmoja. Ukichuchumaa unaielekea kibla, ukigeuka unaipa mgongo, na yote mawili tumekatazwa tangu utotoni; yeye mwenyewe alichapwa madrasa mpaka akayashika.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuona umesoma," alisema mama yake, akiukunja msala taratibu. "Tukadhani mambo hayo umeshayaacha."

Ismaili alificha uso kwa viganja. Alipouinua, hakumtazama mama yake, alinitazama mimi.

"Hata wewe, fundi?"

Kigoda bado nilikuwa nimekishika.

Kesho yake alishika mtarimbo tukaanza nyumba ya kwanza, ya Mzee Abilahi, kugeuza vibamba vielekee mashariki. Njiani alikuwa akirudia maneno ya kuomba radhi, nilimsikia. Lakini mlangoni alisema "shikamoo" tu. Mzee Abilahi akaitika "marahaba, karibu mwanangu," akatutangulia uani kutuonyesha njia, kana kwamba tumekuja kumtembelea. Hakuuliza tumefuata nini.

Nyumba zote hamsini zilitupokea hivyo. Hakuna hata moja iliyompa nafasi ya kusema.