Mtaalamu wa Chachu wa Kiponda

Mabrouk Kificho alisomea pombe. Hivyo ndivyo mtaa wa Kiponda ulivyoliweka jambo lake, na kwa kuwa mtaa wetu haupendi maneno marefu, likabaki hivyo. Mwenyewe alikuwa akisema amesomea chachu, vile viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari na kuyageuza maji ya zabibu kuwa mvinyo. Serikali ilimpeleka Ujerumani Mashariki mwishoni mwa mwaka 1964 akasomee mambo ya vyakula. Huko akaangukia kwa profesa mmoja katika mji wa mashamba ya mizabibu, na siku alipochungulia hadubini akaona chachu inavyochipua na kuzaana, mengine yote akayasahau. Aliipenda kazi ile, na mtu akipenda kazi yake mimi simcheki.

Alirudi mwaka 1970. Unguja haina mizabibu, na nani angemwajiri Mwislamu kutengeneza mvinyo? Akapewa chumba kwenye maabara ya serikali, hadubini moja kuukuu, na kazi ya kupima siki na maji ya visima. Mwingine angekata tamaa. Yeye aliona kwamba hamira ya kopo imeadimika madukani, akaanza kuzunguka kwa wagema kutafuta chachu katika tembo la mnazi. Nia yake ilikuwa kuipata chachu iliyo bora, aioteshe, Unguja iwe na hamira yake. Aliipata Mtoni, kwa mgema mmoja aitwaye Mcha, na alifurahi hata akawa anaizungumza peke yake njiani.

Lakini Mtoni hakukuwa kugeni kwao. Tembo la Mcha ndilo mama yake Mabrouk, Bi Mwanakheir, alilokuwa akiumulia mkate wa kumimina tangu alipofiwa na mumewe. Unga wa mchele, tui, sukari na hiliki, tembo kidogo badala ya hamira, kisha makaa chini na makaa juu. Ndivyo walivyopika bibi zake, na hakuna shehe aliyewahi kuugusa mkate ule kwa neno baya. Ramadhani ikiingia, watu walitoka hata mtaa wa Malindi kuja kununua kwake. Mkate ule ulimlea Mabrouk na kumsomesha, na ndio uliompa Bi Mwanakheir jina lake mtaani.

Mwezi wa Shaaban ulipokuwa unamalizika, Mabrouk alikaa barazani akinywa kahawa na wazee. Mzee Shamsi, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, akamchokoza.

"Hebu tueleze, bwana. Wenzako wamekwenda Ulaya wamerudi madaktari. Wewe miaka yote ile umesoma ulevi?"

Watu wakacheka. Mabrouk angecheka nao mambo yakaisha, lakini msomi akiguswa elimu yake huwa hana subira.

"Chachu haina dini, mzee. Inayofanya mvinyo ndiyo hiyo hiyo inayoumua mkate wa mama. Mkate huo mnaofuturia, unga wake ukiumuka unatoa kilevi."

Alitaka kuendelea kusema kuwa kilevi hicho ni kidogo sana, na moto wa makaa unakiondoa. Hapo ikaadhiniwa Alasiri. Wazee wakainuka, wakaenda kutia udhu, na Mabrouk akaenda nao, akiamini nusu iliyobaki ataimaliza siku nyingine. Nusu ya kwanza haikumngoja.

Ramadhani ilipoanza, sinia la Bi Mwanakheir lilikuwa likibaki limejaa mpaka watu wanafuturu. Mwanzo alidhani tui lake limeharibika. Kisha mteja wake mmoja wa zamani akamwambia kwa aibu, akiangalia chini, kwamba mumewe amekataza. Bi Mwanakheir alimsubiri mwanawe mlangoni.

"Umesema mkate wangu una kilevi?"

"Nnesema unga ukiumuka, mama. Moto unakiondoa."

"Ungeanza na moto, mwanangu."

Mabrouk aliona haya mpaka akashindwa kula futari. Alichukua vipande vya mkate akaenda kuvipima maabara, akarudi barazani kuwaeleza wazee kwamba kilichobaki ni karibu na hakuna.

"Karibu na hakuna si hakuna," alisema Mzee Shamsi. "Sema hakuna, nnunue leo hii."

Hapo ndipo palipomshinda. Vipimo vyake havikumruhusu kusema hakuna kabisa, na profesa wake alimfundisha asiseme asichokiona. Akaanza kueleza upya, na kila alipoeleza neno kilevi lilitoka tena kinywani mwake, mpaka waliokuwa hawajasikia wakasikia. Nakasirika nikilikumbuka jambo hili. Neno moja tu, hakuna, lingetosha, na wote pale walikuwa wakiutamani ule mkate.

Mwaka uliofuata Bi Mwanakheir alipika siku chache, akaacha. Mabrouk naye akaimwaga chachu ya Mtoni, ile bora aliyoitafuta kwa jasho lake, akarudi kwenye siki na visima. Hamira ya Unguja ikaishia hapo. Alijuta waziwazi, wala hakuficha. Ukimwamkia tu, alikwambia kwamba kamharibia mama yake.

Ramadhani ya mwaka 1972, mama yake alisema anatamani mkate wa kumimina. Mabrouk akaenda kununua kwa Bi Tabia, jirani wa nyumba ya pili, ambaye wateja wote walihamia kwake kwa kuwa alisema wake anauumulia hamira. Alipanga foleni nyuma ya Mzee Shamsi. Adhana ya Magharibi ilipokwisha, Bi Mwanakheir alikula tende, akakata kipande cha mkate, akakitafuna taratibu.

"Huyu hajatia hamira," alisema. "Tembo hili. Tena zuri."

Mabrouk alisimama.

"Nnakwenda kwa Mzee Shamsi sasa hivi. Wajue wanachokula."

"Kaa kitako." Alimsogezea sahani. "Muache Tabia wa watu auze mkate wake. Yeye ana bahati, hana mtoto aliyesoma."