Wafinyanzi wa Daftari la Buluu

Kijana wangu mkubwa ameshikwa na ugonjwa mmoja tangu astaafu, nao ni ugonjwa wa ukoo. Anataka kujua nani alimzaa nani, alitoka wapi na alizikwa wapi. Mwaka jana alifungua sanduku langu la bati, akachukua daftari langu la zamani la shule, akapanda basi kwenda kwetu Magharibi. Alikaa huko wiki nzima akizungukia wazee na kupekua rejista za ubatizo, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mama, hii daftari iko na makosa," aliniambia hata kabla ya chai. "Umeandika wamama saba, kila mmoja mama ya mwenye anafuata. Lakini huyu wa tatu alizaa vijana pekee, hakuwa na msichana. Sasa huyu wa nne alitoka wapi? Nani aliandika hii kitu?"

Niliiandika mimi, nikiwa darasa la tatu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamwambia avute kiti. Nawe rafiki yangu, vuta chako, maana huenda hata kwenu kuna karatasi kama hizo mnazozishuku bure.

Tulikuwa tunaishi Lavington katika miaka ile ya hamsini, lakini usinione tajiri. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu, na sisi tulikaa kwenye kota za wafanyakazi, nyuma ya jikoni, nyuma ya ua la kayaba lenye miiba mirefu kuliko vidole vyangu. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, pazia, jiko la makaa na sanduku. Asubuhi tuliamshwa na mashine ya kukata nyasi ikisukumwa kwa mkono, na saa kumi jioni kengele ya chai ililia kule nyumba kubwa, harufu ya keki ya baba ikatufikia sisi ambao hatukuwa wa kuila. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari, na watu wazima hawakutoka langoni bila pasi ya serikali mfukoni. Sisi watoto tulijua tu kwamba jua likishuka, hakuna kuvuka ua.

Mama alikuwa yaya wa watoto wa nyumba ile. Mwanamke mwembamba, msafi kupita kiasi, mwepesi wa kazi na mzito wa maneno. Wazazi wake walikufa kwa maradhi akiwa hajui hata kusema, akalelewa na masista wa misheni, na hakuna aliyewahi kujitokeza kusema huyu ni wetu. Wanawake wa kota walipoulizana makwao, huyu akataja mto na yule akataja mlima, mama alijibu, "Misheni," kisha akaendelea kupiga pasi.

Basi mwaka mmoja, Januari, jua likiwa kali, Nyanya akaja kwa gari la moshi. Huyu alikuwa mama yake baba, nasi tulimwita Kukhu. Alishuka na kuku aliyefungwa miguu, kumbikumbi waliokaushwa, na furushi dogo ambalo hakumruhusu baba alibebe. Memsahibu wa nyumba kubwa alimpa ruhusa ya kukaa hadi mwisho wa Februari. Kwa kuwa kwetu mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe na mkewe, alilazwa kwa jirani, yaya mzee aliyekoroma, na kila asubuhi alitusimulia ule mkoromo kana kwamba ni habari za redio.

Baba alidhani amekuja kutusalimia. Siku ya pili Kukhu alifungua furushi lake. Mlikuwa na gunzi la mahindi, kipande cha kibuyu, jiwe dogo lililolainika kwa kushikwa, na vigae vya chungu kilichovunjika. Akasema amezeeka, na amekuja kumpa mke wa mwanawe udongo kabla hajafa. Baba alicheka, akamwambia hapa ni Nairobi, watu wanapikia sufuria. Tena akamtania kwamba yeye aliyewafinyangia vyungu watu wa lokesheni nzima alikuwa akinywea uji kwenye kibakuli kilichomeguka, kweli mfinyanzi hulia gaeni. Kukhu akamgeuzia mgongo. Alimtazama mama, akangoja. Mama akasema atajaribu, kwa sauti ya mtu anayekubali kwa adabu tu.

Jumamosi tulishuka kwenye kijito upande wa Muthangari, tukiongozwa na mtunza bustani, Mkamba mmoja mcheshi. Kukhu alionja udongo. Ndiyo, aliuweka ulimini. Ule mwekundu aliutema, akasema ni wa kupanda maua ya Wazungu. Ule mweusi akasema utavimba kisha upasuke kama mtu mwenye kiburi. Mwisho, kwenye kona moja chini ya matete, akachimbua donge la kijivu, akalitafuna taratibu, macho yakiwa yamefumbwa, akalimeza.

"Huyu mama anajua kazi," mtunza bustani aliniambia. "Hata mamangu kule Ukambani hukula kwanza."

Kazi ilifanywa alasiri, watoto wa Kizungu walipolala. Mimi nilitwanga vigae vya zamani viwe unga, maana udongo mpya huchanganywa na chungu cha kale ndipo ustahimili moto. Ile harufu ya udongo uliolowa bado naipenda kuliko marashi yoyote mnayoninunulia. Mama alikunja mikono ya sare yake nyeupe, akaviringisha udongo kama nyoka, akauzungusha na kuupandisha, duara juu ya duara, huku Kukhu akimgusa kiwiko badala ya kumkemea. "Udongo uwahi ungali maji," alisema kila mama aliposita.

Na wakati mama akifinyanga, Kukhu alinitamkia majina. Aliniambia nilete daftari, nikaleta lile la buluu lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alisema chungu huvunjika, kwa hiyo aliyekifinyanga lazima atajwe. Wa kwanza alifinyanga mitungi ya pombe mikubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kujificha ndani. Wa pili alitumia mkono wa kushoto, na vyungu vyake vyote vililalia upande mmoja, na watu walivipenda hivyo hivyo. Wa tatu alitembea siku mbili na vyungu kichwani, akarudi na mbuzi. Wa nne aliangukiwa na ukingo wa mto akichimba udongo, akazikwa na watu wakiimba. Wa tano alikuwa mkali, alivunja mwenyewe chungu chochote kisichompendeza. Kila mara Kukhu alisema, "na mama yake ni huyo aliyetangulia," nami niliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wa kukwaruza. Wa sita alikuwa yeye mwenyewe.

"Sasa acha mstari mmoja," akasema. "Wa mama yako. Hautaandikwa mpaka chungu chake kitoke motoni na kuitika kikibishwa."

Nilimwona mama akiutazama ule mstari mtupu. Tangu siku ile nilikuwa na shauku moja tu, jina lake liingie pale. Nilimwombea kanisani. Nilivichunga vyungu vyake kuliko hesabu zangu.

Cha kwanza kilibomoka kikiwa kibichi. Cha pili kilifika mdomoni, kikapambwa kwa gunzi, kikawekwa kivulini kikauke, na siku ya nne tukakuta ufa kutoka juu hadi chini. Kukhu aliamini udongo haukauki vizuri mahali penye mtu aliyenuna, akamwuliza mama moyoni mna nini. Mama alifuta mikono yake iliyokuwa tayari safi.

"Hii kazi si ya mtu kama mimi," alisema mwishowe. "Hao wote walikuwa na mama wa kuwafundisha. Mimi sina mtu. Ukiniandika hapo, Mama, utakuwa umeandika mgeni."

Kukhu aliniambia nisome mstari wa tano. Nikausoma.

"Unadhani huyo ndiye aliyenizaa?" akamwuliza mama. "Aliyenizaa alilima mtama, hakuwahi kushika udongo. Huyo alimzaa mume wangu. Nilipoolewa nilimchukia mwaka mzima, naye akanipa udongo. Wa nne naye alimzaa mume wa huyo. Hakuna hata mmoja hapo aliyezaliwa na mwenzake, mwanangu. Wote walikuja wageni."

Mama alilowesha mikono tena. Alichukua donge jingine, akaanza upya.

Jumapili ya mwisho ya Februari, wenye nyumba wakiwa wamekwenda matembezi, tulichoma vyungu viwili nyuma ya bustani ya mboga, mtungi wa Kukhu na chungu kidogo cha mama. Mtunza bustani alileta nyasi kavu alizozikata mwenyewe, kuni za miwati na mavi ya ng'ombe aliyoomba kwa jirani. Moshi ulipanda mnene, baba akawa anachungulia barabarani kila dakika kama mwizi. Majivu yalipopoa, Kukhu alibisha mtungi wake kwa kifundo cha kidole, ukaitika kwa sauti ndefu. Akabisha cha mama. Kilitoa sauti fupi, kavu, kama kubisha ubao, sauti ya chungu chenye ufa ndani.

"Bado," Kukhu akasema.

Niliona uonevu mtupu. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikamsihi Kukhu, nikamsihi baba, nikasema ufa wenyewe hata hauonekani. Mama ndiye aliyenizuia. "Usiandike uongo," aliniambia. "Nitakipata." Kesho yake Kukhu alipanda gari la moshi, na mstari ukabaki mtupu.

Mwaka ule mama alinishangaza. Alishuka kijitoni peke yake, akaonja udongo, akatema, akaonja tena. Alichoma vyungu kila wenye nyumba walipotoka, na Memsahibu alipogundua hakugomba sana, alitaka tu moshi usifike kwenye nguo zilizoanikwa. Vingi vilipasuka. Januari iliyofuata ikaja habari kwamba Kukhu hainuki tena kitandani. Baba alipata likizo na barua ya safari, tukaondoka. Mama alipakata kitu kilichofungwa shuka kutoka Nairobi hadi kituo cha mwisho. Mwanamke mmoja behewani alimshauri akiweke chini ya benchi apumzishe miguu. Mama alimshukuru, akaendelea kukipakata.

Kukhu alikuwa mdogo sana kitandani pale, ngozi na mifupa. Mama alipiga magoti, akafungua shuka, akamwekea chungu kifuani. Kukhu alikipapasa mdomoni, tumboni, chini. Kisha akabisha. Kiliitika. Akabisha tena, akasikiliza mpaka sauti ikaisha, na mara ya tatu nadhani alibisha kwa raha tu.

"Andika," akaniambia.

Daftari nilikuwa nalo kwenye mfuko wa shule. Niliandika nikiwa nimepiga magoti, nikilitegemeza kwenye ukingo wa kitanda, kisha Kukhu akataka nisome yote, wa kwanza hadi wa saba. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika wa saba nilisoma jina lake, nikasoma kwamba udongo wake ni wa Muthangari, nikasoma kwamba mama yake ni huyo aliyetangulia. Hapo ndipo mama akalia. Katika maisha yake yote jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu vya misheni, kwenye pasi na kwenye barua ya kazi, na nafasi ya jina la mama yake ikiachwa wazi.

Kijana wangu alisikiliza yote haya, chai yake ikapoa, akaniuliza swali ambalo hata mimi niliwahi kuuliza. Kwa nini mimi simo? Nilimwambia kwamba nikiwa na miaka kumi na mitano nilimwomba mama anifundishe. Alinitazama kwa upendo mwingi, akakataa. "Wewe ni wangu tayari," alisema. "Udongo ni wa kumpata asiye wako."

Alimngoja mkaza mwana wake, mke ambaye ndugu yangu mdogo angeoa. Ndugu yangu alipooa, alioa mwalimu, mwanamke mwema, aliyekuja na sufuria za alumini zinazong'aa. Mama alimpeleka kijitoni mara moja tu. Matete yalikuwa yamefyekwa, kona ile imejaa mawe ya ujenzi, na viatu vya mgeni vikaharibika. Walirudi wakicheka, wakanywa chai, na mama hakulitaja jambo hilo tena mpaka tukamzika. Leo pale palipokuwa na kota zetu pana ghorofa na ukuta mrefu, na nilipokwenda kupaona mlinzi aliniuliza namtafuta nani, nikageuka nikaondoka.

Mimi mwenyewe nina wakaza wana watatu. Ni wasichana wazuri, hawanikosei adabu. Wakija Jumapili nawapa chai na mandazi, nawaonyesha picha, tunaulizana afya, wanaondoka kabla ya foleni za magari. Wananiita Mama, nami naitika upesi. Lakini hakuna hata mmoja niliyewahi kumpa kitu kigumu, nikakaa naye kikivunjika mara ya kwanza na ya pili, nikamgusa kiwiko, mpaka akawa wangu.