Mama Pini na Mashine Iliyokataa Kufa

Korido ya chini bado inanuka dawa ya kupigia deki. Kwenye meza iliyo pembeni ya ngazi, mwanamke wa makamo anaweka stepla sikioni, anaibonyeza mara moja, kisha anatulia.

"Kuna kipande cha pini kimekwama mdomoni," anamwambia karani aliyeileta. "Ulikuwa unaipiga ngumi, siyo?"

"Ilinipandisha hasira, Mama Pini."

"Basi wa kufanyiwa matengenezo ni wewe."

Karani anacheka. Vidole vya mama huyo vimeshaifungua. Bisibisi, koleo, kitambaa chenye mafuta, vyote anavifikia bila kupapasa. Mama Pini haoni kabisa.

Zamani alikuwa mpiga chapa ghorofa ya tatu ya jengo hilihili. Presha ya macho ilimnyang'anya herufi kwanza, kisha nyuso za watu, mwisho mchana wenyewe. Kazi ikaota mbawa. Akajifungia chumbani miezi mingi.

"Nilikuwa nahesabiwa nyumbani kama kabati," anasema.

Jioni moja mumewe, fundi seremala, alikuwa akibana karatasi zake, stepla ikagoma. Akaisukuma pembeni. Mkewe akaichukua, apate tu kitu cha kushika.

"Nikagusa reli, nikagusa springi. Nikamwambia, 'Baba Watoto, imepinda hapa.' Nikamsikia akipenga kamasi. Nikajua analia."

Kuanzia hapo zikaja stepla za majirani, halafu za ofisi. Hatajiriki kwa kazi hiyo, lakini nyumbani mkono unaenda kinywani.

Mwaka jana, msimamizi wa jengo alipokuwa akisafisha stoo, alimletea donge la chuma lililoshikana kwa kutu. Alidhani ni mashine ya kukamulia matunda. Mama Pini aliipitishia mikono taratibu, akafika kwenye tundu dogo lenye nafasi ya pini moja tu. Akaligusa tena kwa ncha ya kidole.

Ilikuwa stepla ya zamani, ya aina aliyowahi kusikia habari zake. Kabla ya stepla, karatasi zilishonwa kwa sindano na uzi. Kisha zikaja mashine za kulishwa pini moja moja. Ukibana, unalisha tena. Pini za kushikana mstari mmoja, hizi tunazozijaza bila kufikiri, zilikuja baadaye.

"Mtu alikaa mahali akaumiza kichwa ili karatasi mbili zisiachane," anasema kwa sauti ya chini. "Hatumjui, lakini nilikuwa nimeshika mawazo yake mkononi."

Kuifufua haikuwa lelemama. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakipigwi nyundo ovyo. Kikipata ufa, imetoka hiyo. Aliiloweka mafuta, akaikwangua, akaiacha, akairudia. Pini za siku hizi hazikuienea, ikabidi mumewe akunje vipande vya waya huku yeye akivipima kwa ukucha.

"Mara mbili nilimwambia tuitupe," anakiri mumewe. "Alinijibu, 'Mimi ulinitupa?' Nikarudi kwenye waya."

Wiki iliyopita aliweka karatasi mbili, akalisha pini, akaegemea mpini. Kulisikika mlio mzito, kama mlango wa zamani unaofungwa vizuri. Makarani waliokuwa wakipita walisimama. Mama Pini akageuza karatasi, akaigusa ile miguu miwili ya waya iliyojikunja sawasawa.

Msimamizi alitaka kuiweka ndani ya kioo pale mapokezi. Mama Pini amekataa katakata.

"Kioo ni cha wenye macho," anasema.

Mpango wake ni kuiacha mezani, ikiguswa. Jumatatu anaanza kumfundisha ufundi dereva wa lori aliyepoteza macho mwaka huu, ambaye mkewe anasema hatoki chumbani. Mume wa Mama Pini ameshamtengenezea kiti.

"Aliniuliza kwenye simu aje na vifaa gani," anasema Mama Pini, akitabasamu. "Nikamwambia, njoo na mikono, kaka yangu. Na uje mapema."