Kengele Kwenye Ukungu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, huko kwetu karibu na Mgololo, ukungu umeshuka mpaka ukiwa mlangoni huoni zizi. Nilikuwa jikoni na mama mkubwa, nachambua maharage, nikasikia kengele ya ng'ombe upande wa msitu wa miti ya misindano. Ilikuja taratibu, ikasimama, ikaanza tena. Mbwa hawakubweka. Kisha akatokea mtu, kengele imefungwa kiunoni mwake kwa kamba ya katani. Alikuwa baba mkubwa Lusungu, mumewe. Akatusalimia kwa mbali, akapitiliza kwenda zizini.

Nakuita mwanangu ingawa sijazeeka. Mimi ni mama yako mdogo, na mtoto wa dada ni wangu. Juzi ulinipigia simu kutoka chuoni Iringa ukilia. Umeokoka, ulirudi nyumbani likizo ukiwa mtu mpya, na mama yako bado anafunga chumba chake kwa ufunguo, kama zamani zile ulipokuwa ukimwibia vitu vyake. Ukaniuliza: Mungu amenisamehe, yeye ni nani asinisamehe? Unajua mimi si mtu wa majibu ya kanisani. Lakini hiyo kengele naweza kukusimulia.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa kupiga. Akitoka kilabuni na ulanzi wake kichwani, alianza kuimba tangu barabarani, na wimbo huo ndio uliowaokoa watoto wake: wakiusikia wanakimbilia msituni. Mama mkubwa hakukimbia. Mkono wake wa kushoto haunyooki mpaka leo.

Kisha akaokoka, kwenye mkutano wa injili pale usharikani. Ulanzi akaacha, matusi akaacha, hata ule wimbo akaacha. Kanisani wakashangilia. Nyumbani hofu ikazidi, maana sasa alitembea kimya. Mama mkubwa aligeuka siku moja akamkuta nyuma yake, akaanguka. Ndipo yeye mwenyewe akaifungua kengele shingoni mwa ng'ombe, akajifunga. Akahamia kwenye banda la mahindi, akasema atarudi chumbani siku atakayoitwa.

Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza chuo Mbeya, na kila kitu nilikitilia shaka. Niliona ni maigizo. Alasiri ile nikamfuata zizini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, msomi."

"Kama Mungu amekubadilisha kweli, kengele ya nini? Unamtangazia nani?"

Alinigeukia. Macho yale niliyajua yakiwa mekundu tangu utoto wangu. Sasa yalikuwa matulivu kiasi cha kutisha, kama vile mtu mwingine anachungulia kupitia uso wa baba mkubwa.

"Unadhani ameshanizoea?" akauliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayetamani kuambiwa ndiyo.

"Miezi yote hii? Atakuwa amekuzoea."

Akaifungua, akanipa. Ilikuwa baridi mkononi kama jiwe lililotoka mtoni. Akaingia kwenye ukungu kuelekea jikoni, na sikusikia hatua yake hata moja.

Nilichosikia ni sufuria ikianguka. Nilipofika, mama mkubwa alikuwa amejikunja kwenye kona, mikono kichwani, anasema kwa sauti ndogo ya kitoto, "Nimekosa, nimekosa." Maharage yamemwagika kwenye majivu. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Baba mkubwa alikuwa ameshatoka. Akaichukua kengele mkononi mwangu, akapotea kwenye ukungu.

Tukaanza kuisikia huko nje. Ilizunguka nyumba kwa mbali, taratibu, mtu haonekani, mara upande wa msitu, mara nyuma ya banda. Nywele zilinisimama. Lakini mama mkubwa alikuwa anaisikiliza, na kila ilipolia pumzi yake ilishuka kidogo, mpaka akaacha kutetemeka, akainuka.

"Msomi wetu," akasema akiokota sufuria, "chuoni walikufundisha kuosha vyombo, au kuuliza tu?"

Akanipa tambara. Nilipoinama kufuta, akaongeza polepole, "Ulitaka kujua kama yeye amebadilika. Hilo mimi nilishajua. Mwili wangu ndio haujajua. Yeye mwenyewe anausubiri, wewe unauharakisha uende wapi?"

Bado nauliza maswali, mwanangu. Kilichomtokea kule kanisani sikukiona. Nilichokiona ni mwanaume mwenye nguvu zake akizunguka nyumba yake mwenyewe kama mgeni, wala halalamiki.

Nilirudi msimu mwingine wa ukungu. Mama mkubwa alikuwa anasonga ugali, mgongo umeelekea mlangoni. Sikusikia chochote, mara baba mkubwa yuko ndani, kiunoni hana kitu. Mimi nilishtuka. Mama mkubwa hakugeuka. Alisema tu, "Funga mlango, baridi inaingia."

Basi usimdai mama yako asahau. Ukikuta chumba kimefungwa, salimia, endelea na kazi. Piga hodi ukiwa mbali. Mwambie unakokwenda na saa ya kurudi, hata ukiona haya, hata mwaka upite. Utakatifu sijui unafananaje mbinguni. Hapa duniani niliuona umefungwa kwa kamba ya katani, unasubiri nje.

Huyo Mungu unayemwomba akupe miguu ya kusimama kwenye baridi hiyo bila kununa. Na ije siku mama yako akusikie umeingia, asigeuke, akuambie tu ufunge mlango.