Tiketi ya Mzee Githae haikuchanwa: yaliyotupata Jumatano kwenye mechi ya taifa

Wakuu, habari za huko mliko.

Nina hasira tangu Jumatano na leo ni Jumapili, kwa hivyo mnivumilie. Nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Pale nilipokosea mimi nitasema pia, maana nilikosea.

Kwanza mnijue kidogo. Mchana nasoma pruf, yaani nasahihisha makosa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda kidogo cha uchapaji River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari. Jioni naandika riwaya ambayo hakuna aliyeniomba. Naishi Kitisuru, mtaa wa matajiri, lakini msishtuke: ni chumba cha nyuma, kwa shangazi yangu ambaye ni mpishi katika nyumba kubwa ya mbele.

Kazini tuna fundi wa mashine, nitamwita Mzee Githae. Ana vidole vyeusi visivyotakata hata siku ya Pasaka. Akipitisha kidole gumba kwenye karatasi anakuambia uzito wake bila kupima.

Zamani, tiketi za mechi zikiwa bado za karatasi, nyingi zilipita kwenye mashine yake. Alizichapa, akazitia namba, akazitoboa ule mstari wa vitobo ambao mlinzi huchana nao pale getini. Kipande kidogo kinabaki na mlinzi, kikubwa unaingia nacho.

Wachapaji wa umri wake wana desturi. Nakala ya kwanza safi inayotoka kwenye mashine haiuzwi, inawekwa. Mzee ana faili la kijani, gumu, limejaa tiketi hizo. Moja kwa kila mechi aliyochapa. Zote nzima.

Na hajawahi kuingia uwanjani kutazama timu ya taifa. Hata mara moja.

Mtauliza kwa nini. Kwa sababu mechi nyingi za kimataifa huwekwa Jumanne au Jumatano, na siku hizo ndizo sisi huchapa vijitabu vya ratiba za mazishi ya Alhamisi na Ijumaa. Zile chache za Jumapili zilimkuta kanisani kwao Murang'a. Miaka ikaenda hivyo. Watu wakaingia kwa kazi ya mikono yake, yeye akasikiliza redio iliyofungwa kwa waya juu ya mashine.

Mwisho wa mwezi huu anastaafu na kurudi nyumbani Murang'a. Ratiba ilipotoka, nikaona kuna mechi moja tu hapa Nairobi kabla ya hapo. Jumatano, saa moja jioni. Nikamwambia twende.

Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mimi nataka moja tu iliyochanwa. Niweke na hizo zingine."

Hicho tu. Hakuomba kiti cha mbele, hakuomba jezi. Alitaka tiketi iliyochanwa getini.

Nikanunua mbili kwa simu. Zikaja kwa link. Nikamwonyesha.

"Iko wapi?" akauliza.

"Hii hapa, Mzee. Iko kwa simu."

"Hiyo ni picha. Nimeuliza tiketi iko wapi."

Wakuu, hapa ndipo kosa langu lilipo, na nalieleza bila kujificha. Nilituma zile tiketi kwenye kompyuta ya ofisi, na saa ya lunch Jumatatu tukazichapa. Na sisi hatujui kuchapa vibaya. Mzee alichagua kadi nzito yenye rangi ya maziwa. Akaweka mstari wa kijani pembeni. Ile code ya mraba ilitoka kali, kila kijisanduku mahali pake. Kisha akaitoa mashine ya vitobo kabatini, akaipaka mafuta, akapiga ule mstari wa kuchania. Namba zilikuwa zilezile tulizotumiwa.

Zilikuwa nzuri hadi Hamisi, karani wetu, mtu wa Lamu asiye na mdomo wa kulala, akasema, "Mzee, hizi si za kuingilia mpira, hizi ni za kuposea mke."

Mzee alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka mashine ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo sikupiga screenshot. Kwa nini nipige? Tulikuwa na karatasi. Ni mtu wa River Road tu anayeweza kufikiri hivyo.

Sasa ingieni kwenye hasira.

Jumanne jioni tangazo likatoka kwamba mechi imesogezwa. Si saa moja jioni tena, ni saa kumi alasiri. Siku ya kazi. Hakuna sababu iliyotolewa, hakuna pole. Chini wameandika mashabiki wafike mapema kwa sababu barabara zitafungwa. Yaani unamwambia fundi, mwalimu, muuza nguo wa Ngara aache kazi kesho mchana, kisha unamlaumu kwenye redio kwamba hapendi timu ya nchi yake.

Tulikuwa tumeomba ruhusa ya kutoka saa kumi. Ikabidi nirudi kwa bosi wetu, Mama Shiru, kuomba saa sita.

"Kuna vitabu mia nne vya mazishi," akasema bila kuinua macho. "Mtu anazikwa Alhamisi. Unataka niambie familia yake marehemu angojee mpira?"

"Tutamaliza kabla ya saa sita."

"Mkimaliza, nendeni. Mkibakiza hata kimoja, nitakuja kuwatoa huko uwanjani kwa sikio. Mwambie Githae nimesema hata yeye."

Tuliingia kazini alfajiri. Hamisi, ambaye mpira haumhusu kabisa, akakunja kurasa pamoja nasi. Saa sita kasoro dakika kumi kitabu cha mwisho kikapigwa pini.

Mzee akaenda kunawa. Akarudi amevaa koti la kijivu, kofia ya kanisani, na viatu vya ngozi vilivyong'aa. Hamisi akamtazama juu mpaka chini. "Haya bwana harusi. Uturudie na mabao."

Tukafika Ngara, magari hayaendi. Polisi wamefunga barabara mbele na kila gari linageuzwa. Uwanja uko mbali huko, wakuu. Mzee ana miaka sitini na tatu.

"Tutembee," akasema.

Tukatembea. Tulikuwa wengi, mto wa watu wenye jezi, mama amefunga bendera kiunoni, wanafunzi wa chuo wakipuliza vuvuzela zilizopasuka. Kwa muda ilikuwa raha, siwezi kukataa. Kisha jua likatukalia mabegani na raha ikaanza kudondoka kidogo kidogo. Wengine waligeuka. Mzee alikuwa anachechemea, ngozi mpya inamla kisigino, na kila nikimwangalia anashika mfuko wa koti kuhakikisha tiketi iko.

Ndipo tukasikia ving'ora. Tukasukumwa kando mpaka kwenye mtaro. Magari meusi yakapita kwenye barabara ileile iliyofungwa, barabara tupu, laini, yetu sote. Moja nililijua. Lina stika ya farasi kwenye kioo cha nyuma. Hutoka geti la tatu kutoka kwetu Kitisuru kila asubuhi na kunirushia vumbi.

Tukafika saa tisa kasorobo. Foleni ikatula dakika arobaini na tano. Kwa mnaojiuliza kwa nini sikufungua simu nikiwa kwenye foleni: nilijaribu. Watu maelfu, mtandao umekufa, ile link inazunguka tu kama kuku aliyefungwa mguu. Sikujali. Tulikuwa na karatasi.

Getini kulikuwa na kijana wa vest ya njano, mashine ya kusoma code mkononi. Mzee akavua kofia, akatoa tiketi yake kwa mikono miwili.

Yule kijana hakuisoma. Aliigeuza, akaipinda, akapitisha kucha kwenye vitobo, akaanza kucheka. Akamwita mwenzake. "Kuja uone kitu. Hii imetoka wapi, mzee?"

"Tumechapa wenyewe."

Jibu la kweli, la fahari, na baya kuliko yote ambayo angeweza kutoa.

"Mmechapa wapi?"

"River Road."

Geti zima likacheka. Mnajua jina la River Road linavyosikika masikioni mwa askari. Mhuri, cheti, hati ya shamba, kila kitu bandia nchini hutupiwa mlangoni petu, hata sisi tunaochapa ratiba za kwaya.

Nikaeleza. Nikasema namba ni zetu, isomeni tu kwa mashine, ni sekunde moja. Akasema, "Tiketi halali hazikuwangi smart hivi. Simameni kando, mtaongea na mkubwa."

Tukawekwa nyuma ya uzio wa chuma pamoja na jamaa aliyekamatwa na fataki. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mzee alisimama wima na kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Saa kumi, wimbo wa taifa. Tuliusikia kutoka ng'ambo ya ukuta. Mzee akaweka mikono kando, akasimama sawasawa akiutazama ule ukuta. Askari aliyetulinda akaona aibu naye akanyooka. Tulikuwa watu wanne tukiheshimu zege.

Kisha bao. Wakuu, kama hamjawahi kusikia bao la nchi yenu mkiwa nje mna tiketi halali mkononi, siwezi kuwaeleza. Ardhi ilitetemeka. Mzee akanishika mkono akauliza, "Ni sisi?"

"Ni sisi, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole, akiwa ameridhika kwa sekunde hiyo moja.

Mkubwa alikuja karibu na mapumziko, anatafuna kitu. Akachukua ile mashine, akaielekeza kwenye tiketi ya Mzee.

Ikalia mara moja. Taa ya kijani.

Akaelekeza kwenye yangu. Kijani.

Nilidhani ataomba msamaha. Akasema, "Ni sawa. Lakini geti imefungwa, uwanja umejaa. Rudini nyumbani."

Hapo ndipo Mzee alipowasemesha kwa mara ya kwanza tangu tushikwe. Hakupaza sauti.

"Nimeelewa. Basi nichanie."

"Nini?"

"Tiketi. Chana hapo kwa vitobo, ubaki na hiyo kidogo. Nitaenda."

Yule mkubwa akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Mzee, nikichana itamaanisha umeingia. Na haujaingia."

Akamrudishia, nzima.

Tukarudi kwa miguu hadi tulipopata gari la kutufikisha mjini. Mzee alivua kiatu kimoja akakibeba. Mechi iliisha tukiwa bado barabarani, tukaijua kwa honi.

Mtandao uliporudi, simu yangu ililia. Jumbe mbili mfululizo, mmoja kwa kila tiketi: "Asante kwa kuhudhuria! Ulifurahia? Tupe nyota kati ya moja na tano."

Someni tena hapo. Mashine ilisoma code, kwa hivyo kwenye kompyuta yao Mzee Githae aliingia. Amehesabiwa. Wakisimama kutangaza kwamba uwanja ulijaa, yeye ni mmoja wa waliojaa.

Alhamisi asubuhi nikapita geti la lile gari la farasi. Nikamuuliza askari wao, ambaye husalimiana nami kila siku, kama mdosi wake alifurahia mpira.

"Aii, huyo? Alirudi kabla ya half-time. Amesema jua lilikuwa linapiga upande wao."

Nimeandika sentensi nyingi maishani, wakuu, na nimefuta nyingi zaidi. Ile ya askari sijaweza kuifuta.

Kwa hiyo funzo. La sisi wadogo kwanza: piga screenshot ukiwa bado nyumbani, na usiende getini na kitu kizuri kuliko walivyozoea. Nilimponza mzee wa watu kwa kupenda karatasi.

La pili ni kwa wanaopanga. Mkiweka mechi katikati ya wiki, mkaisogeza usiku wa kuamkia siku yenyewe, mkafunga barabara kwa wanaotembea na kuwafungulia wanaosindikizwa, basi msituulize mashabiki wako wapi. Tuko nje, nyuma ya uzio. Mnatusikia, mnadhani ni mwangwi.

Ijumaa Mzee alinikabidhi lile faili la kijani. Alisema huko Murang'a kuna panya. Tiketi ya Jumatano ameiweka ukurasa wa mwisho, nzima kama zingine zote.

"Si ungeichana tu mwenyewe, Mzee?" Hamisi akamwambia. "Nani atajua?"

"Mimi mchapaji," akajibu. "Kazi yangu inaishia kwa vitobo."

Faili liko mezani kwangu ninapoandika haya. Mara mbili nimeishika ile tiketi kwenye mstari na mara mbili nimeiacha. Kuna mtu aliyelipwa kuichana, na bado hajaichana.

Kama nawe ulibaki nje siku hiyo, weka hapa chini ulikuwa geti gani na ulitoka wapi kwa miguu. Na wewe uliyekuwa ndani, nisaidie kitu kimoja nimwambie Mzee kabla hajaondoka: lile bao lilifungwaje?