Kovu Yangu na Sindano ya Mudogo Yangu

Wakati ule, kwenye hospitali ya Kasongo, ukiwa na kivimbe kwenye titi, munganga hakuwa na njia ingine: alikupasua kwanza ndipo ajue ni nini. Mimi walinipasua. Wakatoa kivimbe pamoja na nyama ya pembeni, wakanishona, halafu majibu yakakuja: haikuwa kansa. Kumbe hakuna kitu! Titi yangu ya kushoto ikabakia imekunjamana kama mufuko wa muhogo uliofungwa vibaya.

Kwetu Kabambare, mutu akitoka hospitali wamama wanakuja kumupa pole, na pole bila kuona kidonda si pole. Kila aliyekuja nilimufungulia kitenge. "Ee Mungu wangu!" wakasema, mikono kwenye midomo. Mudogo yangu mwanamuke ndiye alikuwa ananiosha kidonda, kila siku anakiona.

Miaka ikapita. Siku moja shambani nikaona mudogo yangu anabeba kitunga upande mumoja tu. Nikamushika kwa nguvu, nikapapasa: kivimbe, tena kigumu. Nikamuambia siku hizi hawaanzi na kisu. Wanakuchoma ganzi, wanaingiza sindano, wanavuta kanyama kadogo ka kupima, unarudi nyumbani siku ileile.

Akanicheka, mimi mukubwa wake. "Yaya, funga kwanza kitenge yako, kisha unidanganye."

Na wamama walewale wakamupa nguvu: "Yaya yako hakuwa na kitu, wakamukata vile. Wewe uko na kitu, watakuachia nini?" Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Bure kabisa. Kifua changu mwenyewe ndicho kilikuwa kinawasemea.

Alikubali wakati kivimbe kilikuwa kimepasuka chenyewe na kinanuka. Tukapanda piki mpaka Kasongo, kila shimo la barabara anauma kitenge. Munganga akamuchoma ganzi, akaingiza sindano. Ikalia ta! Akabandika plasta ndogo, basi.

Mudogo yangu akaiangalia plasta, akaigusa na kidole.

"Yaya, ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Ni hii tu nilikuwa nakimbia?" Akalia mpaka munganga akatoka inje.

Ilikuwa kansa, na ilikuwa imekwisha kufika kwenye mapafu.

Tulipomuzika, wamama wakakuja kunipa pole. Hakuna aliyeomba kuona kitu. Nikafungua kitenge mimi mwenyewe, mbele yao wote.

"Muangalie tena vizuri! Hii ni kisu ya zamani. Yeye, sindano haikumuachia hata alama."